Dume la Deng

Jumamosi.

Nimeiba ng'ombe, na uzee huu!

Mjukuu wangu Nyandeng, aliyekulia Nakuru, ametengeneza filamu fupi kuhusu watu wetu na ardhi yetu. Aliniambia, "Babu, imba wimbo wa dume lako la ujana." Kwetu kijana hupewa dume lake, akalitungia wimbo; mimi sikuwahi kuwa nalo. Baba alinipeleka shule, na shule yenyewe nikaitoroka. Lakini mtoto alivyokuwa ananitazama... Nikamwimba Makuei, dume jeusi lenye kichwa cheupe, la rafiki yangu Deng.

Leo jioni filamu ikaonyeshwa kwenye ukuta wa kanisa la mtaani kwetu, New Site, na Deng amekaa ubavuni mwangu. Angesema neno moja tu, Nyandeng angejua babu yake ni mwongo.

Aliitazama hadi mwisho. Tulipotoka akanivuta sikio.

"Mwizi wewe! Hata pembe umezikosea."

"Nisamehe, ndugu yangu. Nitamwambia afute."

"Akifuta nakuchapa na hii fimbo. Vita havikuniachia mtoto hata mmoja. Nani mwingine angemwimba Makuei?"

Kesho nampeleka Nyandeng nyumbani kwa Deng, kule Gumbo, akamrekodi mwenyewe akimwimba Makuei, na njiani namwambia ukweli. Atanikasirikia sana. Acha akasirike, bora abebe kamera.