Jina la Saba Kitabuni

Odessa, shoga yangu, hebu sikia!

Si leo chama cha wanafunzi bora kilikuwa kinatuapisha wanachama wapya? Mimi ndiye niliyepangwa kusoma majina ya waasisi sita, ukumbi mzima unarudia kila jina.

Nafungua kitabu cha zamani, kumbe wako saba! Jina la mwisho limekatwa kwa wino mwekundu, pembeni wameandika "Mweusi." Mweusi kama mimi na wewe!

Profesa Haldane, mlezi wa chama, akaninong'oneza, "Hilo huwa tunaliruka, binti. Ukilisoma, uanachama sahau."

Tunaliruka! Na mshumaa tunaouapia, eti wa Ukweli, unawaka mbele ya pua yangu!

Shoga, nimelisoma. "Lucius Pettway!"

Ukumbi mzima, kwa mazoea: "Lucius Pettway!"

Haldane naye kaitikia. Kabaki mdomo wazi, jina limeshamtoka.