Wali wa Maziwa wa Tafida

Mume wangu, Abu Ibtihali, leo amefumbua macho mwenyewe, bila mtu kumshikia kope, na mashine ya kupumulia wameiondoa.

Dada yangu Inshirahi, salamu nyingi zikukute mzima, wewe na shemeji. Sisi tunapumua, ila nina hasira hadi kalamu inachana karatasi.

Jumatatu ile ya sikukuu ya Shamu Nasimu niliandaa fesikhi, wale samaki wa kuvundika kwa chumvi. Mume wangu akawamaliza peke yake. Mimi nikaona afadhali wali wa maziwa wa jirani yetu Tafida, kumbe umekaa juani tangu asubuhi. Hayajapita masaa matatu, mimi na watoto wa Tafida tunatapika. Jioni tukapoa. Kesho yake mume wangu akasema anaona Tafida wawili mlangoni, nikamjibu kwamba hata huyo mmoja ananizidi. Kufika adhuhuri kope zimeanguka, mdomo mkavu, ulimi mzito. Nikasimama ngazini nikamwita Tafida muuaji, jengo zima likisikia.

Hospitalini, daktari wa zamu hakuinua hata kichwa. Ati tumbo tu, anywe maji ya chumvi na sukari. Tumbo gani, na mtu haharishi? Ndipo akaingia binti yangu Ibtihali, mwaka wa tatu wa uuguzi, na jimbo zima hakuna wa kumfikia. Akamwambia waliotapika upesi wamepona upesi, huo ni wali, na baba hakuuonja. Hana homa, macho ndiyo yanalegea: hiyo ni sumu ya samaki, na sasa inashuka kifuani. Daktari akaamka. Dawa ya kuvunja sumu ikaletwa kutoka Iskandaria. Ibtihali akaniuliza samaki wametoka wapi. Nikasema sokoni.

Nilidanganya, dada. Niliwavundika mwenyewe, kwa nusu ya chumvi ya mama, kwa ajili ya presha ya mume wangu, nikawafungua siku ya nane tu, kabla ya muda wao, ili nikutangulie wewe kujisifu. Ibtihali aliiona chupa niliyowavundikia chini ya beseni. Aliitoa akaniwekea mezani. Matusi yote niliyompa Tafida yalikuwa yangu. Chupa nyingine niliyokuwekea wewe nimeimwaga.

Mgonjwa anarudi nyumbani wiki ijayo. Njooni wote, nitapika kuku. Tafida atakuwepo, na palepale ngazini nitasema samaki walikuwa wangu. Wali wake nao ulikuwa mbovu, ila hilo nitalimeza.

Wabusu watoto. Mdogo wako, Ummu Ibtihali.

Ni Ijumaa ya tatu tangu sikukuu, baada ya sala.