Jina Ambalo Baba Yako Hakukuambia

Saint-Alcide, Quebec
Machi 9, 1975

Mpendwa mwanangu Jeannine,

Pokea salamu za shangazi yako ambaye hujawahi kumwona. Hujambo? Mumeo Raymond hajambo? Na mama yako, wifi yangu Imelda, anaendeleaje na kifua chake, ambacho uliandika kwamba kinamsumbua kila baridi ikianza? Mimi namshukuru Mungu. Magoti ndiyo yamegoma. Theluji mwaka huu imefika kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, na kila asubuhi nachimba njia kutoka mlangoni hadi barabarani, kidogo kidogo, napumzika nikiegemea sepetu. Nikimaliza, hakuna anayepita. Lakini siachi kuchimba.

Pole sana kwa kufiwa na baba. Najua pole yangu imechelewa, na utaona mbele kwa nini ilikuwa nzito mkononi. Kwangu Ovila hakuwa mzee wa miaka sabini na moja uliyemzika wewe. Nilimwona mara ya mwisho akiwa na miaka ishirini na miwili, amesimama kituoni na sanduku lililofungwa kwa kamba. Nilipoisoma barua yako, ni kijana huyo aliyenifia.

Ilifika Novemba. Kwenye bahasha uliandika, “Kwa yeyote wa ukoo wa Tranchemontagne, Saint-Alcide.” Ghislaine wa posta aliniletea mwenyewe mpaka mlangoni, hata buti hakuvua.

“Bi Alphonsine, nani mwingine nimpe?” akasema. “Si umebaki peke yako?”

Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo ilivyo. Makaburini tuko wengi, kijijini niko mimi.

Uliuliza hilo jina la Tranchemontagne ulilolikuta kwenye cheti cha ubatizo cha baba yako lilitoka wapi, na kama kweli ninyi ni akina Hill, kama mnavyoitwa huko. Nilitaka kukujibu sawasawa, kwa hiyo nikaenda kwa Padri Lavertu, akanifungulia vitabu vya zamani vya parokia. Tulikaa siku nne katika chumba chake chenye baridi, yeye na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, mimi nikigeuza kurasa.

Jina letu, mwanangu, ni jina la askari. Maana yake ni Mkata-mlima. Zamani hizo mfalme wa Ufaransa akileta vikosi huku, askari hakuandikwa kwa jina la baba yake peke yake. Alipewa la vitani, na wenzake au kapteni wake, mara nyingi la kumtania. Mmoja aliitwa Moyo Mzuri, mwingine Bila Huzuni, mwingine Ua. Wetu tulimkuta kwenye ukurasa wa ndoa: Jacques Guérin aitwaye Tranchemontagne, askari, hajui kuandika, ametia alama. Padri akacheka.

“Huyu babu yenu alikuwa na mdomo,” akasema. “Hawakupi jina kama hili ukiwa mnyamavu.”

Watoto wake waliandikwa Guérin aitwaye Tranchemontagne. Wajukuu vivyo hivyo. Halafu kikaja kizazi ambacho Guérin limepotea, yamebaki majigambo tu. Ndiyo tuliyorithi.

Shuleni tulilipia. “Mkata-mlima, kata mkate tuone!” Mimi nililia. Baba yako hakulia. Jioni, mama akitenga viazi vya kuponda, Ovila alivirundika katikati ya sahani, akainua kisu juu kama panga, akanguruma, “Ondokeni njiani, naukata!” Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Hata baba, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, aligeuza uso ukutani. Sijui kama huko kwenu aliendelea kuwa mcheshi. Barua yako inasema alikuwa mtu wa kimya.

Baada ya vitabu nikaenda posta. Ghislaine ana vitabu vya simu vya wilaya zote, akanitengea kiti karibu na jiko. Ningekuwa mwongo nikisema nilifanya hivyo kwa ajili yako tu. Nilifurahi, Jeannine. Kuna akina Tranchemontagne Montréal, wako wengine kando ya mto huku chini, wako Trois-Rivières, yuko mmoja mbali kabisa Manitoba. Nilipitisha kidole juu ya majina yao kama mtu anayehesabu watoto wake waliolala. Nikawaandikia wote. Ufaransa sikuandika, Padri alisema maneno ni ya huko lakini jina lilizaliwa kambini, na huko hajapata kulisikia.

Walionijibu ni wanne. Watatu waliniombea heri tu. Wa nne ni mzee wa Trois-Rivières, Évariste, fundi saa mstaafu, ambaye naye amezichimba karatasi zake. Aliandika kwa adabu sana. “Bibi, nasikitika kukuambia kwamba hatuna undugu. Babu yetu sisi alikuwa askari Mouflet, si Guérin. Kila kikosi kilikuwa na Mkata-mlima wake, maana kila kikosi kilikuwa na mwenye kujisifu.” Mwishoni akaongeza, “Lakini ukipita huku, kahawa ipo.”

Niliiweka mezani nikaiangalia mpaka supu ya njegere ikaungua. Wenye jina langu wametapakaa mto mzima na si ndugu zangu. Damu yangu yote iliyobaki iko Lewiston, huko kwenu Marekani, na inaitwa Hill.

Sasa nikuambie ilikuwaje. Baba yako aliondoka mwaka 1925. Shamba halikutosha wanaume wawili, na viwanda vya nguo huko kwenu vilikuwa vinameza vijana wetu kijiji kwa kijiji. Baba alimpa baraka, alimwekea mkono kichwani mbele yetu sote. Usidhani aliondoka kwa ugomvi. Ugomvi ulikuja miaka mitatu baadaye, ukaletwa na Donat, jirani yetu aliyekuwa kiwanda kimoja na Ovila, aliporudi nyumbani kwa Pasaka. Misa imekwisha, watu bado wako kwenye ngazi za kanisa, Donat akapaza sauti.

“Mzee Théodule! Mwanao mzima, anakusalimu. Ila siku hizi si Mkata-mlima tena.”

“Unasema nini wewe?” baba akauliza.

“Msimamizi alimwambia jina lake halitoshi kwenye kadi. Akamuuliza maana yake, Ovila akamwambia ni mambo ya mlima. Basi, akaandikwa Hill! Waingereza wamempunguza, mzee. Ulipeleka mlima, wamekubakizia kilima!”

Ngazi nzima ilicheka. Nilikuwa pale, nimemshika baba mkono. Alikuwa mtu ambaye hakuwa na kitu, mwanangu. Shamba la mawe, ng'ombe saba, na jina. Nyumbani alikaa bila kuvua koti. Mama akamwambia, “Théodule, ni kadi ya kazi tu. Mtoto anatafuta mkate.” Baba akajibu, “Mkate wake ale na akina Hill wenzake. Barua ya Hill haiingii nyumba hii. Hatuna mtu anayeitwa hivyo.”

Na hapa ndipo lilipo swali lako la pili, ambalo nimelizunguka tangu Novemba.

Uliandika kwamba chini ya nguo za baba yako ulikuta barua kumi na moja zilizofungwa, zimetumwa Saint-Alcide na kurudishwa, kila moja imeandikwa juu kwa wino wa zambarau, “Hajulikani hapa.” Ukauliza kama katika kijiji hiki yupo bado mtu anayekumbuka nani alikuwa posta miaka hiyo.

Nilikuwa mimi. Mwandiko ule ni wangu. Nilianza kazi posta mwaka 1927, nikakaa dirishani hapo miaka arobaini.

Ya kwanza ilipokuja nilimpelekea baba, nikadhani akiiona atalainika. Hakuigusa. Aliniambia, “Wewe ni mtu wa posta. Unajua la kufanya na barua ya mtu asiyejulikana.” Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilimwogopa. Hiyo ndiyo sababu, na siiongezi chumvi wala sukari. Nilirudi dirishani, nikachovya kalamu. Ya pili ilikuwa rahisi zaidi, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Moja, ya mwaka 1930, ilikuwa ngumu katikati, kama yenye picha ndani. Ulipoandika kwamba ulizaliwa Aprili mwaka huo nilielewa niliyemrudisha alikuwa nani.

Mama hakujua. Nikirudi kazini jioni alikuwa ananisubiri karibu na jiko, anapangusa mikono kwenye aproni ingawa haina maji.

“Ovila hajaandika?”

“Bado, mama.”

“Labda wiki ijayo.”

“Labda, mama.”

Alikufa Februari mwaka 1932. Siku mbili kabla, aliniuliza tena, nikamjibu yale yale. Baba alikataza Ovila asipelekewe habari, nami nikatii na hilo pia. Baba yako alimwandikia mama barua mwaka mzima baada ya kuzikwa kwake, nami nilizirudisha. Ya mwisho ilikuja mwaka 1933. Baada yake nilikaa dirishani nikisubiri ya kumi na mbili, nikajiapiza kwamba hiyo ningeificha kifuani. Haikuja.

Utauliza, babu alifariki mwaka 1948, mbona hukuandika? Anwani nilikuwa nimeikariri, hata leo naweza kuisema usingizini. Mwaka wa kwanza nilisema nitaandika Krismasi. Krismasi ikaja, nikaandika “Mpendwa Ovila,” nikashindwa neno la tatu. Mwaka uliofuata ikawa vigumu zaidi, kwa sababu sasa kulikuwa na mwaka mwingine wa kueleza. Ndivyo miaka ilivyopita, ishirini na sita. Sikuolewa. Watu walisema Alphonsine anaringa. Sikuwa naringa. Sikutaka mtu anikaribie kiasi cha kuniuliza habari za kaka yangu.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Wala sikuombi uzifungue zile kumi na moja mbele yangu, au unisimulie yaliyomo. Hazikuwa zangu, nyingi zilikuwa za mama. Ni zako sasa. Kama utazisoma, zisome ukiwa umekaa na Raymond, usizisome peke yako. Kuwa peke yako na barua nalijua, si jambo jema.

Swali lako la kwanza nililijibu nusu tu, acha nilimalize. Ndiyo, ninyi ni akina Hill kweli. Baba yako alilibeba jina hilo kwenye mashine karibu miaka hamsini, akalisha watu kwalo, akazikwa nalo. Usilibadilishe kwa ajili ya mifupa ya huku. Jacques Guérin naye alipewa jina na mtu aliyekuwa juu yake, akalizoea. Baba hakulijua hilo. Laiti angefunguliwa kile kitabu.

Kuna jambo moja nimefanya. Jumatano iliyopita nilirudi kwa Padri Lavertu, nikamwomba ukurasa wa mwaka 1903, ubatizo wa Joseph Ovila. Nikamweleza yote, si kwa maungamo, bali nikiwa nimekaa kitini, mchana. Alivua miwani yote miwili. Kisha akaniuliza, “Unataka niandike nini?” Nikamwambia, ukweli. Akaandika pembeni, kwa mkono wake: “Alifariki Lewiston, Oktoba 1974, akijulikana kwa jina la Hill. Ameacha mke, Imelda, na binti, Jeannine.” Akanigeuzia kitabu nisome. Nilisoma mara tatu. Umeandikwa Saint-Alcide, mwanangu, na hakuna mwenye kukufuta.

Mwezi wa tano barabara itakuwa kavu. Basi la kutoka mpakani linasimama mbele ya kanisa siku ya Ijumaa, na chumba cha juu kina kitanda ambacho alilala baba yako. Nilitoa magodoro nje jana, jua lilipojitokeza. Kama utakuja, njoo, na mlete mama yako kama kifua kitamruhusu. Kama hutakuja, na kama hutajibu, sitamlaumu mtu. Ukimya huu niliuanza mimi.

Nisalimie Raymond. Nisalimie wifi yangu Imelda, umwambie nasikitika kwamba aliolewa katika ukoo ambao haukumpokea hata kwa kikombe cha chai. Ghislaine anakusalimu ingawa hakujui. Ameninunulia stempu nzuri ya barua hii. Padri amekutaja kwenye Misa ya asubuhi, wewe na marehemu, mbele ya watu sita.

Mungu akulinde katika kuingia na kutoka kwako, na asikunyime watu wa kukujibu.

Desturi inataka niandike hapa “akupendaye.” Nimekujua kwa kurasa mbili tu, na pengine ukifika mstari huu hutaki kulisikia neno hilo kutoka kwangu. Nimeliacha. Utaniambia mwenyewe kama naweza kuliandika katika barua nyingine.

Ni mimi, dada yake Ovila,

Alphonsine Tranchemontagne