Hamadi, Nimekipata Kile Chuma cha Buluu

Mtani wangu Hamadi,

Salamu sina. Nakuletea jina la mtu: Nassoro. Nassoro mwenye boti, tajiri wako, yule uliyekuwa ukimwita "mzee wetu" na kumpelekea nyumbani samaki wa kwanza wa kila safari. Ni yeye. Nimelibeba jina hilo rohoni hadi likanichoma, nikaona nawe usikie kutoka kwangu.

Nianze mwanzo, usije ukasema mtu wa ng'ombe anaropoka.

Unakumbuka siku uliyokuja kwenye karakana yangu hapa Mwabungo? Wewe na Salimu, baharia mwenzako, mmeilaza mashini ya boti kwenye mkokoteni kama mgonjwa anayepelekwa kwa daktari. Mashini ya kuvuta kamba, haina betri, haina taa, haina lolote. Ukaniambia umechoka kufua kwa kopo maji yanayoingia botini, mgongo umekupinda kabla ya miaka arobaini, na unataka pampu ya kufulia maji. Na pampu haili upepo, inataka betri, na betri inataka kuchajiwa mkiwa huko huko baharini. Nikakwambia mimi ni fundi wa umeme wa bodaboda, nimezaliwa kule njia ya Mackinnon Road ambako maji tuliyachota kwenye silanga, bwawa la mifugo, pamoja na mbuzi, na bahari yenu naitazama nikiwa barabarani. Ukanijibu, "Sumaku ni sumaku, Mwero. Fungua."

Basi nikafungua. Nikaondoa kofia, nikaondoa kamba, nikafika kwenye lile gurudumu zito la sumaku, na nilipoona limeng'ang'ana nikachukua nyundo. Ukanidaka mkono. "We! Hilo si fahali wa kwenu!" Ukapanda pikipiki hadi Ukunda ukaazime kifaa cha kulivutia, ukarudi unacheka peke yako. Chini ya gurudumu tukakuta koili moja tu, ile ya kutoa moto wa plagi, na pembeni yake nafasi tupu yenye matundu ya skrubu. Siku tatu ulizunguka bandari zote hadi Msambweni, ukapata mashini iliyokufa zamani, ukaniletea koili yake ya taa imefungwa kwenye kanga ya mkeo.

Umeme wa koili ile ni wa kwenda na kurudi, betri haiukubali. Lazima upite kwenye rektifaya, iunyooshe na kuupunguza, la sivyo betri itachemka. Nikaitoa rektifaya kwenye bodaboda iliyogongwa, kidude cha alumini kinachoenea kiganjani, chenye mapezi. Nikaifunga kwa bolti moja ndani ya boti, chini ya ubao wa nyuma, karibu na tezi. Wewe ukaipaka rangi ya buluu iliyobaki ulipopaka boti, ati chumvi isiile. Kila chuma cha boti lile ulikipaka buluu. Nilikucheka, nikasema ukilala usingizi utajipaka na meno.

Kisha ukavuta kamba. Mara ya tatu ikawaka. Nikaweka mita kwenye betri, ikapanda, ikafika volti kumi na nne, ikatulia hapo. Ukachomeka simu, ukaona alama ya kuchaji, ukanikumbatia na grisi yako yote. "Leo mtu wa ng'ombe kanitilia stima baharini!" Wallahi, sijawahi kusifiwa nikafurahi vile.

Haya. Sasa sikia yaliyotokea baada yako.

Salimu alipona. Alishika mtungi wa petroli, boti la watu wa Jego likamwokota. Yeye ndiye aliyetueleza. Jumamosi ile asubuhi upepo uliwakuta mbele ya Msambweni, maji yakaingia kwa nyuma, ukawasha pampu. Ikafanya kazi vizuri, halafu ikalegea, ikawa inatoa maji ya kunawia mikono. Salimu akataka mkate nyavu mgeuze. Ukamwambia, "Subiri, itajichaji. Mtani wangu hawezi kuniangusha." Halafu ikanyamaza. Simu nayo ilikuwa imezima, maana ulizoea kuichajia humo humo. Mawimbi mawili, boti likapinduka.

Hayo maneno yako, Hamadi, Salimu aliyasema msibani mbele ya watu wote, na Nassoro akiwa amekaa hapo. Siku hiyo Nassoro alilia kuliko mama yako. Alishikwa na watu wawili asianguke. Boti lilipovutwa pwani akatuita sote, akanyoosha kidole pale rektifaya ilipokuwa. Waya zinaning'inia, kidude hakipo. Akasema, "Bolti haikukazwa. Imezama. Ndiyo hayo, kuleta umeme wa bodaboda baharini." Watu wakanigeukia.

Na mimi nikaamini! Hilo ndilo linaloniuma hadi sasa. Nikarudi nyumbani nikijiuliza, bolti ile niliikaza? Niliitia ringi chini yake? Au ni pale Salimu alipotuletea chai, nikaacha spana? Nikawa nikishika bolti ya mtu nakaza hadi inakatika. Si kwamba watu wa kukaziwa walikuwa wengi. Waendesha bodaboda walikuwa wanapita mbele yangu wakitazama ng'ambo ya barabara. Mama yako nilimpelekea unga, akaupokea kwa mikono miwili na hakunitazama usoni. Nilikuwa nimekuua, Hamadi. Hivyo ndivyo kijiji kizima kilivyojua, na mimi nikiwa wa kwanza wao.

Siku ya thelathini na nne, dereva wa bodaboda ya Nassoro akaleta pikipiki. Yule wa kutoka bara, anayesema kwa kufyatuka. "Fundi, hii kitu taa zinacheza cheza, hebu nicheki." Nikafungua ubavu. Nikaiona. Buluu, Hamadi. Buluu ya boti lako, na alama ya brashi yako mbovu kwenye mapezi. Nilikaa chini kwenye mafuta. Dereva akadhani kifafa.

Nikamuuliza nani kaiweka. Akasema bosi mwenyewe. Lini? Akafikiri kidogo. "Ile Ijumaa, kesho yake boti likapinduka. Ya kwanza iliungua asubuhi, bosi akasema hawezi kukubali pikipiki ilale. Akaleta hii mchana, watu wakiwa msikitini."

Ijumaa! Siku boti zote ziko juu ya mchanga na hakuna mvuvi pwani. Alijua hakuna jicho. Akachukua spana, akafungua bolti yangu, ile bolti niliyoikaza barabara, nakuapia, niliikaza, akakitia mfukoni chuma chako ili pikipiki yake isilale siku moja. Na Jumamosi alfajiri akakuacha uende.

Nimewaza mabaya, sitakuficha. Nilikuwa na pikipiki yake mikononi, na najua njia kumi za kuifanya iwake moto. Lakini anayeikalia si yeye, ni yule dereva mwenye mdomo, ana watoto wawili. Nikamfungia rektifaya mpya, nikabaki na yako. Nikawaza pia kumfuata Nassoro na lile bomba la kurefushia spana. Kisha nikakumbuka kwamba mimi nina silaha ambayo hakuna askari anayeweza kuninyang'anya. Mimi ni mtani wako.

Watu wa ukoo wenu na wetu wanataniana tangu mababu. Wewe uliniita mnyonya ng'ombe mbele ya wakwe zangu, nikacheka. Na msibani mtani hufanya atakalo. Humwigiza maiti, hulala kaburini hadi apewe kitu, hutukana mwenye nyumba, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Anayemkasirikia mtani msibani amejivua nguo mwenyewe. Basi nikanyamaza siku sita. Hata Salimu sikumwambia.

Arobaini yako ilijaa watu. Dua ikasomwa, sinia za pilau zikatoka, Nassoro amekaa karibu na imamu kwa kanzu ya pasi. Nikasimama na barghashia nimeilaza upande kama yake, na bakora kama yake. Nikaanza kulia. Nikalia kilio chake kile kile, nikaita watu wawili wanishike nisianguke. Nyumba nzima ikaangua kicheko, hata imamu akaficha mdomo. Yeye naye akacheka. Nikasema, "Jamani, mzee wetu kalia hadi betri imekwisha. Nimemletea cha kumchaji." Nikaiweka rektifaya juu ya pilau, kwenye sinia lake.

Kicheko kikakatika kipande kipande. Wavuvi ndio walioijua kwanza ile rangi. Nikawaambia nimeitoa kwenye pikipiki yake. Nikamwita dereva, alikuwa mlangoni anakula, nikamwambia ataje siku tu. Akataja: Ijumaa.

Na Nassoro akacheka, Hamadi. Desturi ilimbana acheke, maana angekasirika angekuwa amekiri. Alikaa hapo mbele ya chuma chako kilichojaa wali, anacheka peke yake, jasho linamtiririka kwenye kanzu, na hakuna aliyemsaidia kucheka. Nilimtazama hadi mwisho. Nilifurahi. Sitaomba msamaha kwa furaha ile.

Ndipo mama yako akatoka upande wa wanawake. Siku arobaini hakuwa amepandisha sauti. Akasimama mbele yake akauliza, "Ulimwambia mwanangu?"

Nassoro akasema alitaka kuirudisha Jumamosi jioni.

"Sikuuliza hilo."

Mama akainama, akaiokota rektifaya, akaifuta wali kwa ncha ya leso, akaingia nayo ndani. Iko kwake mpaka leo. Mimi ananitazama usoni sasa, na juzi alinitukana utani wako, akaniita mla kwato. Nikaenda kulilia nyuma ya jiko.

Kuna jambo moja sikulisema mbele ya watu, nalisema kwako. Kopo. Siku ile mita ilipofika kumi na nne, mimi ndiye niliyelichukua kopo lako la kufulia maji nikasema, "Hili kampe mama apimie unga, siku za kufua zimekwisha." Nawe ukampa. Nassoro angekwambia neno moja tu, "Hamadi, leo pampu haichaji," ungelirudia kopo lako na sasa ungekuwa hapa unanisumbua. Hakukwambia. Lakini kopo halikuwemo kwa sababu yangu, na hilo sitamtwika yeye. Hilo ni langu. Wananiletea mashini sasa, wenzako watatu wamekuja, na wa nne yuko njiani kutoka Jego. Nawafungia, nawapimia. Ila simfungii mtu pampu kabla hajanionyesha kopo, na nikisikia kaliacha nyumbani, nitakwenda kuung'oa umeme wangu kwa mikono hii.

Boti la Nassoro liko juu ya mchanga. Hapana baharia wa kulipanda. Ameshusha mgawo wake, ameupandisha wa mabaharia, ameita watu hadi wa Vanga. Wanamwamkia shikamoo, wanakunywa kahawa yake, wanakwenda zao. Rangi imeanza kubanduka.

Wiki iliyopita, Ramadhani ikikaribia, akatuma wazee watatu kwangu. Wakasema unaoingia ni mwezi wa kusameheana, tusiuingie na vinyongo, na Nassoro amekonda, halali. Nikawapa mkeka, nikawapa maji. Nikawaambia kama ni kukonda, Hamadi kakonda zaidi. Wakaondoka wakisema astaghfirullahi. Imamu naye amenishika mkono akaniambia kusamehe ni bora. Najua ni bora, Hamadi. Sijakataa kwamba ni bora. Nimekataa tu.

Najua pia ungekuwa wewe ungeshamsamehe, ungempelekea na samaki. Basi ndiyo faida ya kuwa na mtani: mtani hakufuati tabia.

Lala, ndugu yangu. Nakuachia na ahadi. Tulipokuzika, imamu aligeuka akatuuliza kama kuna uliyemkosea, na kama tunakusamehe. Tukaitika sote, "Tumemsamehe," nami nikaitika kwa nguvu kuliko wote ingawa hukuwa umenikosea kitu. Nassoro ni mtu mzima kuliko mimi, na siku yake itakuja kama za watu wote. Nitakuwepo. Nitasimama safu ya mbele, karibu na jeneza. Imamu atageuka, atauliza, na kijiji kizima kitaitika.

Mimi sitaitika.

Mtani wako,
Mwero