Nilijifanya Bado Naumwa Kiuno

Mshauri mpendwa, nisaidie, na unisamehe mwandiko, naandika nimesimama kwa sababu nikikaa naumia. Mimi ni mjane wa miaka sabini na mbili, naishi Odense, nina bustani kwenye vile viwanja vya kukodi nje ya mji, na mwezi wa nne kiuno kilinikamata nikipalilia vitunguu, nikashindwa kunyooka, ndipo jirani yangu Regnar, dereva wa basi mstaafu aliyefiwa na mkewe kama mimi nilivyofiwa, akaruka ua akasema, “Taratibu, jirani, leta hilo koleo,” akanilimia, na kesho yake akarudi bila kuitwa, ikawa desturi, analima kwake, analima kwangu, kisha tunakunywa kahawa na mkate mweusi wenye samaki wa siki.

Shida ni kwamba nilipona. Mtaalamu wa viungo alinipa mazoezi, nikayafanya, kufika mwezi wa sita nilikuwa mzima, akaniambia nirudi kulima, lakini nikawaza, nikinyooka huyu atakuja kufanya nini, kwa hiyo kila nikifika getini nainama, na kiangazi chote nimetembea nimejikunja namna hiyo, mpaka sasa mgongo unauma kwelikweli na sina wa kumlaumu.

Jumamosi nilimkuta Regnar ameshikilia mlango wa kibanda, amepinda, jasho linamtoka.

“Una nini?”

“Nafunga kamba za viatu.”

Alikuwa amevaa gambuti.

Tukajikokota hadi kwenye benchi, sote tumeinama, na binti yake Lone akatukuta hapo, akasema, “Baba, bustani hii itakumaliza, tunairudisha kabla ya baridi.” Regnar hakusema kwamba nusu ya kazi inayommaliza ni ya bustani yangu. Mshauri, nikisema ukweli atanichukia, nikinyamaza ataondoka, nifanye nini?

Ingelise

*

Ingelise, pole kwa maumivu. Pole ya maumivu tu, hayo mengine umejitakia.

Majina yenu nimeyabadilisha, lakini mwenye gambuti akisoma atajijua. Gazeti linatoka Alhamisi. Barua hii nakutumia leo Jumatatu, kwa hiyo una muda wa kumwambia mwenyewe, na ukiupoteza usiniandikie tena kulalamika.

Unaogopa atakuchukia. Mama, mwanamume mwenye kiwanja chake haruki ua kila siku kwa ajili ya vitunguu vya mtu. Na yeye pia amekudanganya, tena uongo mbovu kuliko wako. Mmefichana maumivu na uzima kama watoto, na sasa binti wa watu anataka kufunga bustani kwa kosa asilolijua. Mwambie na Lone. Atakukasirikia, ana haki.

Nenda kesho, ingia getini umenyooka. Usijikaze kama askari, mgongo haupendi kuwekwa namna moja kutwa, unapenda kubadilishiwa. Useme mambo yote kabla ya kahawa. Kisha Regnar aende kwa daktari, na wewe urudi kwa yule mtaalamu umweleze ulichofanya, hata kama atacheka. Mmoja wenu akianza kufa ganzi miguu au kushindwa kuzuia mkojo, ni hospitali saa hiyohiyo.

Bustani mbili kwa watu wawili wa umri wenu ni nyingi. Rudisheni moja. Itakayobaki, jengeeni matuta ya mbao yanayofika kiunoni ili msiiname, nunueni jembe la mpini mrefu, limeni kwa zamu, kidogo kidogo, na mtembee pamoja kila asubuhi, hata mvua ikinyesha. Ipi irudishwe, muulize yeye. Jibu lake litakuambia zaidi ya ninavyoweza mimi.

Akikasirika, mwache akasirike. Ila hakikisha amekaa, na mgongo wake umeegemea kitu.