Ndoo Tupu Siku ya Mwaka

Salma mjukuu wangu,

Huku Guangzhou mimi mzima, bado nafunga mizigo ya watu ghalani. Mama Mthai anayetupikia kanuna: homa imeingia mtaani, sikukuu yao ya kumwagiana maji imefutwa.

Umeuliza nilimpataje bibi yako, Mungu amrehemu. Kwetu nako siku ya mwaka, mwaka mpya wetu wa Kiswahili, tulimwagiana maji. Nilipanga kummwagia yeye, ndiyo nianze kumsemesha. Kikaingia kipindupindu, mchezo ukapigwa marufuku. Nikakaa mlangoni nimevimba kwa hasira. Akapita na ndoo tupu, akanirushia kama ina maji.

"Umelowa weye!"

Nikajifuta uso. Tukacheka mpaka mama yake akatoka.

Leo nimemrushia Mama Mthai ndoo tupu. Kapiga kelele, kajifuta uso, kakimbilia ndoo yake.

Msalimie mama yako.

Babu yako