Fidia Ile Alilipwa Nani

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti lako limekupumzisha kidogo. Mimi sijambo wa mwili. Mkono umeunga, ila vifungo vya shati bado vinanishinda, kwa hiyo nimekuwa mtu wa fulana.

Uliniuliza habari za ile ajali, nami kwenye simu nikakukatiza. Tulikuwa tunasafisha kihenge pale kiwandani, lile pipa la bati refu kama ghorofa la kuhifadhia ngano. Ngano iliyokuwa imegandia ukutani ikaporomoka, ikanizika mpaka kifuani. Ukizama kwenye ngano, Dada, kila pumzi unayotoa inazidi kukubana. Mwenzangu, yule tuliyemwita Mlingoti kwa urefu wake, alikuwa mlangoni juu, salama kabisa. Akashuka. Akavua kamba yake, akanifunga mimi, wenzetu wakanivuta. Nilipofika juu, ngano ya upande wa pili ikamwangukia yeye.

Sasa kanisani naitwa Mkombolewa. Mchungaji aliniomba nitoe ushuhuda Ijumaa ya mateso, ili watu waelewe Yesu alivyotoa uhai wake kuwa fidia ya wengi. Alisema mfano kama huu hautafutwi, Mungu ameuleta mwenyewe. Sikujua nimkatalie vipi.

Jumatano mama yake Mlingoti akaniita. Anaishi peke yake, chumba kimoja nyuma ya kibanda cha fundi viatu. Nilimkuta anachambua mboga. Akaniuliza, mimi ninayefundisha wengine Maandiko, fidia ile alilipwa nani. Nikamjibu kwamba mchungaji husema ililipa haki ya Mungu. Akasema mwalimu wa kwaya alimwambia ilikwenda kwa shetani aliyetushika mateka. Nikajitahidi kumweleza kwamba Yesu alisema fidia tu, hakumtaja mpokeaji. Labda alitaka tujue kwamba tumefunguliwa, na kwamba kufunguliwa kwetu kulimuumiza mtu.

Akaacha mboga. "Na wangu je, mwanangu? Nani alimpokea?"

Nikaanza kuchambua mboga alizoacha. Ndipo akauliza kama ni kweli mwanawe alikwenda kwa furaha, kama watu wanavyosema.

Dada, hili sijamwambia mtu mwingine. Nilipokuwa nimelala pale mlangoni juu, nilimsikia akiita. Alisema, "Nivuteni na mimi, jamani, sitaki kufa." Nilimnyooshea mkono. Haukufika.

Nilimwambia mama yake hivyo hivyo, nikingoja anifukuze. Alilia mpaka nikaogopa. Kisha akasema hata Yesu aliomba kikombe kimwepuke, ila watu wakishaanza kuimba wanasahau. "Na hilo uliseme Ijumaa," akaniambia. "Ukishindwa, basi usiseme lolote."

Ijumaa nikasimama mbele. Nikafungua kinywa, sauti ikagoma. Watu wakadhani ni shukrani imenizidi, wakanipigia makofi, na mchungaji akaanzisha wimbo ili kunisitiri. Nikashuka nikakaa kando ya yule mama. Akanisogezea nafasi bila kunitazama. Kanisa zima lilisimama likashangilia wokovu, sisi wawili tumekaa.

Mpe shemeji mkono wangu, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Uniombee, ingawa sijui nikwambie uniombee nini.

Ni mimi mdogo wako,
kitinda mimba